Somo: Kuhifadhi sampuli za dawa za bibi

Mbukwenyi wadau! Madaftari ya dawa za akina bibi nimeyaona mengi, yamejaa majina ya miti bila mti wenyewe. Jina moja la Kigogo laweza kuwa la miti miwili, na ukifika Kondoa kwa Warangi, mti uleule una jina jingine. Pasipo sampuli, yaani kipande cha mmea wenyewe kilichokaushwa, hujui umeandika nini.

1. Chagua msimu. Mvua zetu za Dodoma ni za mkupuo mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Kiangazi vichaka ni vijiti vitupu, hata mbuyu hauna jani. Nenda Februari au Machi. Mtaalamu wa mimea hutambua mti kwa ua au tunda. Jani peke yake humchanganya.

2. Mfuate bibi porini, usimhoji sebuleni. Mwache atangulie, akiuona mmea habari zitamtoka zenyewe. Uliza inatumika sehemu gani ya mmea, inachemshwa au inatwangwa, na nani haruhusiwi kuitumia. Hilo la mwisho watu hulisahau, na mimi ningeanza nalo.

3. Kata kitawi cha sentimita 30 hivi chenye majani na ua au tunda. Mmea mdogo ng'oa mzima, ukung'ute udongo. Ulaze ndani ya gazeti, jani moja au mawili uyageuze mgongo uonekane. Weka kipande cha boksi juu na chini, kaza kwa kamba, pandisha mawe. Badilisha magazeti kila siku, la sivyo ukungu utaingia na majani yatakuwa meusi. Weka penye hewa, si jikoni kwenye moshi.

4. Andika palepale, kwa penseli, maana wino ukilowa unasambaa. Jina kama bibi anavyolitamka, kijiji, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua, harufu, na kama unatoa utomvu. Ukishakauka, rangi na harufu vyote vinaweza kupotea.

Bibi akichukua gome, angalia mkono wake. Abandue kipande chembamba upande mmoja tu. Chakula cha mti hutoka majanini kwenda mizizini kupitia gome la ndani. Ukibandua kuzunguka shina lote, mizizi inakosa chakula na mti unakufa.

MASWALI

Mdau wa Kongwa: Picha ya simu haitoshi?
Piga, tena piga nyingi. Lakini picha hainusiki, wala huwezi kupasua tunda lililo pichani uone mbegu.

Mdau wa Mpwapwa: Bibi yangu hataki kusema kipimo. Anasema ndiyo mali yake.
Ana haki, mdogo wangu. Andika mmea na mahali, kipimo mwachie. Usichapishe popote kabla hajakubali.

Mdau wa Bahi: Nina mimba ya miezi minne na homa. Shangazi ananichemshia mwarobaini, ninywe?
Usinywe, dada. Mwarobaini haumfai mjamzito, na mafuta yake ni sumu kwa watoto wadogo. Nenda kituo cha afya leo upimwe malaria. Shangazi mpe shikamoo yangu, mwambie hata wazee wengi wanamkataza mwenye mimba.

Mdau wa Chamwino: Sampuli zikikauka nazipeleka wapi?
Kwa wataalamu wa mimea wa vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Funga kila sampuli na karatasi yake. Zikichanganyika njiani, umepanda basi bure.