Namna ya Kupanga Ushambuliaji wa Timu ya Ligi: Anza na Majukumu, Mfumo Utafuata

Msimu wa 2022/23 Yanga walitwaa ubingwa wa Tanzania chini ya kocha Nasreddine Nabi. Straika wao Fiston Mayele alifunga mabao 17 kwenye ligi, na mengine 7 yaliyomfanya mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu ulipokwisha, Nabi akaondoka na Mayele akauzwa Misri. Akaja Miguel Gamondi, na swali mitaani likawa moja: nani atafunga sasa? Jibu lilikuwa Stephane Aziz Ki, namba kumi (kiungo anayecheza nyuma ya straika), aliyemaliza 2023/24 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Angalia pia ile 5-1 dhidi ya Simba ya Novemba 5, 2023. Straika Kennedy Musonda alifunga moja. Manne yaliyobaki yalitoka kwa watatu wanaocheza nyuma yake: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua moja.

Ubingwa ulibaki Jangwani kwa Yanga, ila mabao yalihama. Kwa hiyo kocha anayeanza kwa kuuliza "tucheze 4-3-3 au 4-2-3-1?" ameanzia mbali. Aanze kwa kuamua mabao yake yatafungwa na nani, kutoka eneo gani, kisha awape wengine kazi za kumfikisha mtu huyo hapo.

Gawa uwanja kwa mistari iliyopo

Uwanja wa mita 105 kwa 68 huhitaji koni chache sana kuugawa. Kutoka mstari wa pembeni hadi ubavu wa boksi kubwa ni karibu mita 14: hiyo ni njia ya pembeni. Kutoka ubavu wa boksi kubwa hadi ubavu wa boksi dogo ni mita 11: tuite kichochoro. Upana wa boksi dogo, mita 18 na ushee, ndiyo njia ya kati. Hesabu pande zote mbili, unapata njia tano.

Mpira ukifika theluthi ya mwisho, kila njia iwe na mtu mmoja. Watano wako mbele, watano wengine ukimtoa kipa wamebaki nyuma ya mpira au usawa wake. Wawili wakijikuta njia moja, mmoja lazima awe anapita tu. Kanuni hii inaonekana nyepesi ubaoni, lakini ndiyo inayovunjwa zaidi ya zote, na karibu kila mara huvunjwa na winga na beki wa pembeni.

Winga na beki wa pembeni ni jozi

Usiwafundishe kila mmoja peke yake. Angalia kwanza mguu wa winga. Winga wa kulia anayetumia kushoto atakata ndani hata umkataze, kwa hiyo beki wa kulia ndiye atakayetoa upana. Yanga ya Gamondi ilipata upana kwa Yao Kouassi kulia na Joyce Lomalisa kushoto, na hapo Maxi na Pacome wakapata ruhusa ya kuingia vichochoroni. Lakini kama winga wako wa kulia ni wa mguu wa kulia na anapenda kugusa chaki, yaani kukaa kwenye mstari wa pembeni, beki wake abaki ndani, karibu na namba sita, kiungo mkabaji. Beki akipanda hapo atamletea winga adui wa pili, maana anayemkaba atamfuata.

Muda wa kupanda ndio wenye thamani. Beki aanze mbio pale winga anapomkabili mtu wake uso kwa uso. Akisubiri mpaka winga ageuke ndani, beki wa wapinzani ameshafunga mlango, na pasi inarudi nyuma. Akiwahi mno, anasimama pembeni akisubiri, anakabwa kirahisi, tena nyuma yake pamebaki wazi.

Wakifika mstari wa goli, pasi ya chini inayorudi nyuma kuelekea penalti, mita 11 kutoka langoni, ni bora kuliko krosi ya juu. Mabeki wanakimbia kuelekea lango lao, anayefunga anakuja na uso wake mbele. Krosi inayopigwa kutoka mita 35 inawakuta mabeki wamesimama vizuri wakiutazama mpira. Ni zawadi kwao.

Namba kumi: bega kabla ya mguu

Mtazame namba kumi sekunde moja kabla ya kupokea. Mzuri anageuza shingo mara mbili: mara moja mpira ukiwa kwa beki wa kati, mara ya pili ukiwa njiani. Amesimama ubavu, si mgongo kwa lango, na anapokea kwa mguu ulio mbali na mpira. Akigusa mara moja tayari anatazama mbele. Anayepokea mgongo ukiwa langoni atarudisha pasi ilikotoka, na shambulizi zima limepoteza sekunde tatu.

Kosa lake kubwa ni kushuka kuomba mpira miguuni mwa mabeki wa kati. Anagusa mara nyingi, mashabiki wanampenda, lakini wapinzani wanashukuru kwa sababu wote wako mbele yake. Mazoezini weka koni usawa wa viungo wa wapinzani na umkataze kushuka chini yake mpaka mpira uvuke. Siku za kwanza atalalamika kwamba hapati mpira. Tatizo hapo liko kwa beki wa kati asiyethubutu kupiga pasi mpenyezo, ile inayopita katikati ya wapinzani, na huyo ndiye wa kufundishwa.

Straika abaki au ashuke?

Chagua moja na uwaeleze wote. Erling Haaland alifunga mabao 36 ya ligi Manchester City msimu wa 2022/23 akigusa mpira mara chache, kwa sababu alikaa kati ya mabeki wawili na kuwazuia wasisogee. Lionel Messi, Mei 2, 2009, Barcelona iliposhinda 6-2 kwa Real Madrid, alifanya kinyume. Kocha wake Pep Guardiola alimtoa kulia akamweka kati, kisha akamruhusu kushuka. Mabeki wa kati wa Madrid, Cannavaro na Metzelder, hawakujua wamfuate au wabaki.

Wengi huiga nusu tu ya mpango ule. Messi aliposhuka, Thierry Henry na Samuel Eto'o walikimbia nyuma ya mabeki, na Henry alifunga mawili. Straika akishuka bila mtu wa kukimbilia nafasi aliyoiacha, timu inabaki kupigiana pasi nzuri mbele ya ukuta.

Wanaobaki nyuma

Watano hawa ni sehemu ya ushambuliaji, maana ndio wanaorudisha mpira haraka. Wapange watatu nyuma na wawili mbele yao. City ya 2022/23 ilimpandisha beki John Stones akae kando ya Rodri, namba sita wao, kwa kazi hii. Mpira ukipotea, aliye karibu akabe mara moja, wawili wa kati wafunge njia ya katikati, na kama sekunde tano au sita zimepita bila kuupata, wote warudi. Namba sita akivutwa na hamu ya kupiga shuti, kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza la wapinzani, inapita palepale alipotoka.

Zoezi la kuyaunganisha

Nusu uwanja, wanane wanashambulia, sita na kipa wanazuia. Raundi nne za dakika nne, mapumziko ya dakika mbili. Bao lihesabiwe tu kama wakati wa shuti kuna mtu nguzo ya pili na mwingine kwenye nusu duara nje ya boksi. Weka magoli mawili madogo mstari wa kati. Wazuiaji wakipokonya wana sekunde nane kufunga humo. Bila magoli hayo, wote wanane watajazana mbele, na zoezi litawafundisha tabia mbaya. Fanya hivi siku tatu kabla ya mechi, wakati miguu bado ina nafasi ya kupona. Siku ya mwisho iwe ya kona na faulo, dakika 20 zinatosha.

Maelekezo kwa kila mchezaji yawe mawili: unafanya nini tukiwa na mpira, unafanya nini tukiupoteza. Akipewa saba, dakika ya kumi hakumbuki hata moja.

Baada ya mechi, simamisha video kila mpira unapovuka mita 35 za mwisho. Hesabu: upana upo pande zote? Boksini kuna wangapi? Nyuma ya mpira wamebaki wangapi? Picha 15 za namna hiyo zinaonyesha nani anaacha njia yake kuliko takwimu za umiliki wa mpira.

Wapinzani wakipaki basi, yaani wote wakirudi kulinda lango, dakika ya 65, makocha wengi humtoa namba sita na kuingiza straika wa pili. Sasa wawili wanagombania njia ya kati, mpira wa pili hauna mwenyewe, na kaunta inakuja. Badilisha winga kwanza: kama aliyekuwepo alikata ndani, ingiza wa kugusa chaki, na mwambie beki nyuma yake kwamba kazi yake imebadilika.