Jinsi ya Kutengeneza Filamu Fupi Kuhusu Mpiga Picha Mzee

Mpiga picha mzee si rahisi kumrekodi, kwa kuwa ameishi miaka mingi nyuma ya kamera na anazijua mbinu zote za kumpamba mtu pichani. Mwongozo huu unawahusu wazee wa studio za mwambao, kama Capital Art ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, Rohit. Kwa maoni yangu, filamu ya namna hii hujengwa juu ya picha alizopiga mzee, na wasifu wake hufuata baadaye.

Hatua ya kwanza: Mtembelee bila kamera, umwamkie, kisha umwombe mfungue pamoja maboksi ya negativu, yaani vipande vya filamu ambavyo picha husafishwa kutokana navyo. Zishike kwenye kingo, ukiwa umevaa glavu za pamba. Inayonuka siki imeanza kuoza. Itenge na nyingine na uiskani mapema. Andika kila anachokisema, kwani humo ndimo yatakamotoka maswali yako.

Hatua ya pili: Ruhusa ya mzee peke yake haitoshi. Picha nyingi za harusi, na za wanawake waliovua buibui mbele ya pazia la studio, zilipigwa ili zibaki ndani ya nyumba. Watafute wenyewe au jamaa zao, na usipowapata, ziache hata kama ndizo nzuri kuliko zote.

Hatua ya tatu: Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za tyubu zinaweza kupepesa kasi isipolingana nao. Mkalishe dirisha likiwa ubavuni mwake, uzime feni, umbandike maikrofoni kifuani. Usimwulize alianzaje kazi, maana jibu hilo amekwisha kulitoa mara nyingi, mpe picha mkononi umwulize, “Mzee, huyu aliyesimama ni nani?” Akimaliza, nyamaza, kwa kuwa mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya kimya hicho.

Hatua ya nne: Ikiwa bado anasafisha picha mwenyewe, ingia naye chumba cha giza. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huvumilia taa nyekundu, lakini mwanga wa skrini ya kamera huiharibu. Kwa hiyo weka fokasi mapema, zima skrini na ufunike vitaa vyote vidogo. Picha inapojitokeza kwenye trei ya dawa, irekodi mfululizo bila kukata, kwa sababu mikono yake katika dakika hiyo hueleza ujuzi ambao mahojiano hayaufikii.

Hatua ya tano: Katika uhariri, onyesha kila picha nzima, bila kuikuza wala kuisogeza. Mwonyeshe mzee nakala ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, umpe nafasi ya kusahihisha majina na miaka, kisha uiachie familia yake skani zote katika diski mbili.