Poza seli kabla ya kuweka FM 1-43

Picha zangu za hadubini za FM 1-43, rangi inayong'aa ya kuonyesha utando wa seli, zilikuwa zikijaa vidoa ndani ya seli hadi nilipoanza kutumia barafu. Ukitaka kuona utando wa nje pekee, poza seli, bafa (maji ya chumvi ya kuwekea seli) na rangi hadi nyuzi 4, weka rangi hapo hapo barafuni, kisha piga picha haraka kabla seli hazijapata joto. FM 1-43 hung'aa kidogo sana majini na kwa nguvu ikishika mafuta ya utando, lakini chaji zake huizuia kupenya. Huingia pale seli inapomeza vipande vya utando wake, na baridi husimamisha umezaji huo. Seli zilizokufa au kutoboka zitajaa rangi tu, hata kwenye barafu. Triton, sabuni ya maabara, nayo iepuke kabisa: huyeyusha utando, rangi ikaondoka nao.