Kabla Hujaifundisha Kompyuta Kusoma Retina

Kila mwanafunzi anayenijia na folda ya picha za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), akitaka kujenga modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ya kugundua madhara ya kisukari kwenye jicho, namwomba kwanza akae azitazame picha mia mbili kwa macho yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kalamu mkononi. Wengi hukunja uso. Wanatamani kuanza kuandika programu usiku huohuo. Lakini mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyapata nikiwa nimekaa hivyo, na makosa yangu makubwa yote yalitokea pale niliporuka hatua hiyo.

Anza na diski ya neva ya macho, lile duara la rangi ya njano hafifu ambamo mishipa ya damu inachomoza. Kwenye picha ya kawaida, likiwa upande wa kulia, hilo ni jicho la kulia. Likiwa kushoto, ni la kushoto. Linganisha na jedwali lako. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta macho kadhaa yameandikwa upande usio wao. Kisha tafuta vitone vyekundu vidogo kama ncha ya sindano. Ni vivimbe kwenye kuta za mishipa myembamba kabisa ya damu, na ndiyo dalili ya mapema ambayo daktari huitafuta. Ukiona kitone kimekaa mahali palepale kwenye picha za watu watano waliopigwa siku moja, hilo ni vumbi la lenzi. Liandike. Andika pia picha zenye ukungu, zilizoingiliwa na kope, na zile zilizopigwa mboni ikiwa imebana.

Usiache kutazama pembeni mwa picha. Baadhi ya kamera huchapa jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa juu ya picha yenyewe, kwa hiyo kufuta jina kwenye jedwali hakutoshi. Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla hujanakili hata faili moja, na ujue kwamba ramani ya mishipa ya retina hutofautiana kati ya mtu na mtu kama alama za vidole. Mwaka 2018 watafiti wa Google walionyesha kwamba modeli inaweza kukisia jinsia ya mtu kwa picha ya retina tu, jambo ambalo madaktari wa macho hawakuwa wakiliweza. Picha isiyo na jina bado ni ya mtu. Itunze hivyo.

Sasa hatua ninayoisisitiza kuliko zote: gawa data kwa mtu, usigawe kwa picha. Mradi wangu wa kwanza nilichanganya picha zote, nikaziacha zigawanywe kwa bahati nasibu: nyingi za mafunzo, chache za majaribio. Matokeo yalipendeza mno, nikawapigia simu wenzangu kwa furaha. Wiki mbili baadaye nilikuwa napitia picha ambazo modeli ilizipatia, nikaona mshipa uliopinda kama ndoano ambao nilikuwa nimeshauona mahali. Nikautafuta. Ilikuwa retina ileile, ya mgonjwa yuleyule aliyerudi kliniki baada ya miezi sita. Picha moja ilikuwa kwenye mafunzo, nyingine kwenye majaribio. Na jicho la kulia la watu wengi lilikuwa kundi moja, la kushoto kundi la pili. Modeli ilikuwa inapimwa kwa watu ambao ilishawaona. Nilipogawa upya kwa namba ya mgonjwa, ule uzuri wote uliporomoka. Siku hiyo ilinipasa kuwapigia simu walewale na kuwaambia ukweli, na hadi leo sijaona njia nyingine inayostahili. Kwa hiyo weka safu ya namba ya mtu kwenye jedwali tangu siku ya kwanza, gawa kwa hiyo, kisha funga kundi la majaribio usiliguse mpaka mwisho.

Kuhusu ukubwa wa picha, fanya hesabu kabla ya kupunguza. Picha inayochukua pembe ya nyuzi 45 hufunika takriban milimita 13 za retina. Ikiwa na upana wa pikseli 3,000, kila pikseli ni kama mikroni 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hivyo kivimbe cha mikroni 40 kina upana wa pikseli kumi hivi. Ipunguze hadi pikseli 224, ambao ni ukubwa unaotumika sana kwenye modeli zilizo tayari, na kila pikseli inakuwa mikroni 58. Kile kitone hakifiki hata pikseli moja. Umekifuta wewe mwenyewe, halafu unailaumu modeli kwamba haioni.

Majibu ya kufundishia yatoke kwa madaktari wasiopungua wawili, kila mmoja akisoma peke yake, na wa tatu aamue wanapotofautiana. Katika utafiti mashuhuri wa mwaka 2016 uliochapishwa katika jarida la JAMA, kila picha ya mafunzo ilisomwa mara 3 hadi 7. Ukipima makubaliano yao, usiridhike na asilimia tupu. Chukua picha 100 ambazo kila daktari anasema 90 ni nzima: hata wakikisia bila kutazama, watakubaliana kwa wastani picha 82. Basi makubaliano ya asilimia 90 yanatoa kappa (kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati, ambapo 1 ni makubaliano kamili) ya 0.44 tu, na hapo kuna mazungumzo marefu ya kufanya nao kabla ya kusonga mbele.

Vivyo hivyo kwenye matokeo. Tuseme modeli inawakamata wagonjwa 90 kati ya 100, na inawaachia wazima 90 kati ya 100. Ipeleke kwa watu 1,000 ambao 50 ni wagonjwa: itawakamata 45, itawapoteza 5, na itawatia hofu wazima 95. Katika kila watatu inaowashuku, wawili hawana kitu. Ipeleke kliniki ambako nusu ni wagonjwa, na hapo inaposhuku itakuwa sahihi mara tisa kati ya kumi. Kwa hiyo kwenye makala yako sema wazi ulipima kwa watu gani, kisha ijaribu kwa picha za kamera nyingine na kituo kingine. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba modeli za kusoma eksirei za kifua ziliweza kutambua picha imetoka hospitali ipi, na zilipopelekwa hospitali ngeni mara nyingi zilifanya vibaya zaidi.

Mwisho, rudi kwa wale wagonjwa watano ambao modeli iliwapoteza. Fungua picha zao kwa ukubwa kamili, nenda nazo kwa daktari aliyezisoma, mkae pamoja mtafute kile kitone. Kwa kila mmoja andika sababu: ukungu, ukubwa wa picha, au jibu la daktari lenyewe lilikosewa. Jedwali hilo dogo liingie kwenye makala, hata kama hakuna aliyekuomba.