Kupima kama PFOA inadhoofisha kinga ya panya wa maabara

PFOA ni kemikali ya jamii ya PFAS, yaani kemikali za viwandani zenye florini. Ilitumika kwa miongo mingi katika utengenezaji wa vikaangio visivyoshika chakula, na leo imo kwenye maji na damu za watu sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 NTP, mpango wa Marekani wa kuchunguza sumu, iliihesabu, pamoja na ndugu yake PFOS, kuwa inadhaniwa ni hatari kwa kinga ya binadamu. Ushahidi mzito kutoka kwa wanyama ulihusu kingamwili: waliopewa kemikali hizi walitengeneza chache.

Basi pima hilo kwanza. Idadi ya seli nyeupe na uzito wa wengu havitoshi, maana seli zinaweza kutimia kwa hesabu na bado zisifanye kazi. Panya akidungwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, ambazo mwili wake haujawahi kukutana nazo, seli za kinga za aina ya T, za aina ya B na zile zinazoonyesha antijeni (kitu kigeni kinachoamsha kinga) hulazimika kushirikiana ili kingamwili za kutosha zipatikane. Kasoro popote kwenye mnyororo huo huonekana kwenye seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe.

Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, chukua panya wadogo (mouse) wa kike aina ya C57BL/6. Usitumie panya wakubwa (rat) wa kike kwa PFOA: huitoa kwenye mkojo ndani ya saa chache, ilhali madume wao hukaa nayo siku kadhaa. Utasema haina madhara, kumbe haikukaa mwilini.

Weka angalau wanyama 8 kwa kila kundi: maji matupu, miligramu 1.88, 3.75 na 7.5 kwa kilo kwa siku, na kundi moja la siklofosfamaidi, dawa inayojulikana kushusha kinga, miligramu 50 kwa kilo kwa siku, kwa kudungwa tumboni, siku 4 za mwisho za dozi. Kundi hili la mwisho lisiposhuka, kipimo chako ni kibovu, na matokeo mengine yote hayana thamani. Dawa hiyo ni sumu kwa mtu pia. Vaa glavu, na tenga taka zake.

Dozi hutolewa kwa sindano butu ya kulishia, mililita 10 kwa kilo, kwa siku 28. Kwa miligramu 3.75, tengeneza mchanganyiko wa miligramu 0.375 kwa mililita. Panya wa gramu 20 atapata mililita 0.2. Tumia chupa za polipropilini, kwa kuwa PFOA inaweza kunata kwenye kuta za kioo. Mifuniko yenye bitana ya Teflon, ambayo nayo ni ya jamii ya PFAS, iepukwe kabisa. Pima uzito kila wiki, lakini usiuamini peke yake: PFOA huvimbisha ini, na ini kubwa linaweza kuficha mnyama anayekonda.

Siku ya 24, osha chembe za kondoo mara tatu kwa maji ya chumvi, mpaka maji ya juu yawe safi. Yakibaki mekundu, chembe zinapasuka. Tupa, fungua chupa nyingine. Tumia kondoo mmoja kwa jaribio zima, kwani kondoo hutofautiana sana. Dunga chembe milioni 40 katika mililita 0.2 kwenye mshipa wa mkia, baada ya kuupasha mkia joto ili mshipa utanuke.

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Sindano ikikosa mshipa, mkia hufura palepale na bomba huwa gumu kusukuma. Panya huyo atatoa IgM (kingamwili za kwanza kutengenezwa) kidogo, na atafanana kabisa na aliyeathiriwa na sumu. Andika namba yake saa hiyohiyo na umwondoe kwenye hesabu, kabla hujaona matokeo. Anayedunga asijue kundi la mnyama, na makundi yapishane kwenye foleni. Ukimaliza kundi moja kabla ya jingine, uchovu wa mkono utaonekana kama athari ya dozi.

Siku ya 29 chukua damu, tenga seramu, na pima IgM kwa ELISA, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi, ukizimua seramu mara mbilimbili hadi rangi ishuke ilingane na ya seramu ya panya asiyedungwa. Pima pia uzito wa wengu na wa thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani.

Thaimasi ikisinyaa na mwili ukikonda, shuku mfadhaiko: homoni ya kotikosteroni peke yake hushusha kinga. Kwa PFOA swali hilo lilijibiwa mwaka 2009, panya walipoondolewa tezi za adrenali, zinazotoa homoni hiyo, na IgM bado ikashuka. Kemikali nyingine haina utetezi huo mpaka uijaribu.

Hifadhi seramu nyingine kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kwa ajili ya kupima PFOA yenyewe. Binadamu hukaa nayo miaka na panya mdogo hukaa nayo wiki, kwa hiyo ulinganisho wenye maana ni wa kiasi kilichomo kwenye damu, si miligramu ulizolisha.