SOMO: Kuiuliza kerneli (kiini cha mfumo endeshi) prosesa yako inaweza nini, kabla programu haijafia njiani

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Programu inakimbia vizuri kwangu, nikiihamishia kwenye kifaa kingine inakata na kuandika Illegal instruction. Tatizo nini?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Nipo Moshi, natengeneza vifaa vya kupima joto na unyevu kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Vingi ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo za bodi moja zenye prosesa za ARM, kwa hiyo mifano yangu ni ya Linux na ARM. Wa Intel tutaonana kwenye maswali.

Maneno Illegal instruction yana maana kwamba programu imeipa prosesa amri isiyoifahamu. Prosesa za ukoo mmoja hazilingani. Cortex-A76 ya Raspberry Pi 5 ina amri za AES za kusimba data, Cortex-A72 ya Raspberry Pi 4 haina. Ukikompaili (kugeuza msimbo kuwa amri za prosesa) kwenye 5 kwa -march=native, yaani kwa uwezo wote wa prosesa ya hapo, halafu ukapeleka kwenye 4, usishangae.

Kwenye ARM, rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) zinazoeleza uwezo wake husomwa na kerneli, programu ya kawaida hairuhusiwi kuzisoma moja kwa moja. Kerneli huzisoma mashine inapowaka. Kisha kila programu inapoanza, kerneli huiwekea kwenye staki yake (sehemu ya kumbukumbu ya programu), jirani na vigezo vya mazingira, orodha fupi ya jozi za namba: ufunguo na thamani. Ufunguo namba 16 unaitwa AT_HWCAP, namba 26 ni AT_HWCAP2. Humo kila biti ni uwezo mmoja: 1 upo, 0 haupo.

Hatua ya 1. Itazame kwa macho:

LD_SHOW_AUXV=1 /bin/true

Pi 4 yangu yenye mfumo wa biti 64 hujibu AT_HWCAP: 887. Hiyo ni heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Ukiifungua, biti zilizowaka ni 0, 1, 2, 7 na 11, yaani fp, asimd, evtstrm, crc32 na cpuid. Biti ya 3, ambayo ni AES, imezima. Linganisha na mstari wa Features ndani ya /proc/cpuinfo, utakuta majina yaleyale.

Hatua ya 2. Kwenye C, ingiza sys/auxv.h na asm/hwcap.h, kisha ita getauxval(AT_HWCAP). Ipo tangu toleo la 2.16 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux.

Hatua ya 3. Pima biti unayoitaka KWA JINA LAKE. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu kazi ya mtu.

Nilikuwa nimeandika programu ya kukagua usahihi wa data kwa amri za CRC32. Kwenye Pi 4 niliona CRC32 ni biti ya 7, basi nikaandika 1<<7 moja kwa moja. Baadaye nikakompaili msimbo uleule kwa biti 32 na kuupeleka kwenye Pi 2 ya zamani iliyokuwa shambani Kibosho. Kwenye ARM ya biti 32, biti ya 7 si CRC32. Ni EDSP, kitu kingine kabisa, na Cortex-A7 ya ile Pi 2 inacho. Nikauliza swali lisilo lenyewe, kerneli ikanijibu ukweli: "ndiyo". Programu ikashika njia ya CRC32, ikafa. Ikawashwa upya, ikafa tena. Siku mbili usiku na mchana hakuna kipimo hata kimoja, na mzee mwenye kahawa alikuwa anakitegemea kujua saa ya kufunika vichanja. Nilipanda mwenyewe kwenda kumwomba radhi.

Kwa hiyo:
– Kwenye biti 64 andika HWCAP_CRC32 na uitafute ndani ya AT_HWCAP. Kwenye biti 32 ni HWCAP2_CRC32, ndani ya AT_HWCAP2. Ningetumia jina, kompaila ingekataa palepale mezani, maana HWCAP_CRC32 haimo kwenye orodha ya biti 32.
– Kinachoamua ni programu yako imekompailiwa kwa biti ngapi. Kerneli ya biti 64 ikiendesha programu ya biti 32, huipa orodha ya biti 32.
– getauxval ikirudisha 0, huenda ufunguo wenyewe haupo. Ukiwa na glibc 2.19 kwenda juu, kagua errno (namba ya kosa) kama ni ENOENT, yaani "hakipo".

Hatua ya 4. Andika fanksheni mbili, ya kawaida na ya haraka. Chagua mara moja programu inapoanza, hifadhi anwani yake kwenye pointa. Kwenye biti 64, ile ya haraka peke yake ndiyo uipe __attribute__((target("+crc"))). Ukiwasha uwezo huo kwa programu nzima, kompaila ina ruhusa ya kuzitia amri hizo popote, na ukaguzi wako wote unakuwa kazi bure.

Karibuni kwa maswali.

————

kijana_wa_Soweto: Mkuu kwangu haifanyi kazi.

Mwandishi: Kipi hakifanyi kazi? Umeandika amri gani, imekujibu nini?

kijana_wa_Soweto: Ile ya kwanza. Inasema haijulikani. Natumia Windows.

Mwandishi: Aya ya pili ya somo inasema Linux.

Mbauda_Tech: Somo refu kwa jambo dogo. Mimi naijaribu amri yenyewe, ikileta SIGILL (ishara ya Illegal instruction) naidaka, naendelea na njia ya kawaida. Kwisha.

Mwandishi: Zipo maktaba zilizowahi kufanya hivyo, siwezi kukukatalia. Ila kila ukifungua programu ndani ya gdb, kifaa cha kutafutia makosa, itakusimamisha hapo, na kidaka-SIGILL chako kinaweza kugongana na cha maktaba nyingine ndani ya programu hiyohiyo. Kerneli imekuwekea jibu bure. Mimi nimeshalipa gharama ya kubahatisha, sirudii.

NeemaTengeru: Shikamoo kaka. Nasoma hapa Arusha, mwaka wa pili. Kwa nini prosesa isijibu yenyewe? Nilisoma kwamba Intel ina amri ya CPUID ambayo programu yoyote inaweza kuiita.

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana. Ni kweli, kwenye Intel na AMD unaiuliza prosesa yenyewe. Lakini hata huko kerneli ina kauli yake. Chukua AVX, amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo: inatumia rejista za biti 256. Kerneli inapoisimamisha programu yako ili nyingine ipite, lazima izihifadhi rejista hizo na kuzirudisha. Kama haijaandaliwa kufanya hivyo, haitaziruhusu zitumike, hata kama prosesa inazo. Ndiyo maana biti ya AVX haitoshi. Kagua biti ya OSXSAVE kwenye CPUID, kisha kwa amri ya XGETBV soma kerneli imeruhusu rejista zipi, uone biti ya 1 na ya 2 zote zimewaka.

Ongeza na hili. Simu nyingi zina kori (vitengo vya kazi vya prosesa) kubwa na kori ndogo kwenye chipu moja, na programu yako inaweza kuhamishwa toka kori moja kwenda nyingine wakati wowote. Kwa hiyo kwenye ARM ya biti 64, Linux kwa kawaida hukutangazia uwezo ambao kori zote zinao. Kori moja peke yake isingeweza kukuambia hilo, haizijui jirani zake.

NeemaTengeru: Kumbe! Kwa hiyo kerneli inajibu kwa niaba ya mashine nzima.

Mwandishi: Hasa. Ukipata nafasi isome /proc/self/auxv kwa programu yako mwenyewe, jozi moja moja. Ukikwama niandikie.

MamaShayo: Samahani natoka nje ya mada. Nataka kununua laptopu iliyotumika hapo Arusha, ya kuendeshea mashine pepe (virtual machine). Nitaangalia nini?

Mwandishi: Nenda na flashi yenye Linux, iwashe laptopu kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji, andika lscpu. Intel tafuta vmx, AMD tafuta svm. Usipoiona ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla mfumo haujawaka) kwanza, mara nyingi imezimwa tu. Angalia na aes hapohapo, itakusaidia ukitaka kusimba diski.

MamaShayo: Na betri?

Mwandishi: Chomoa chaja mama, uitumie nusu saa hapohapo dukani kabla ya kutoa hela.