Ukiambiwa nyayo za mtoto wa tumboni zimepinda

Dadangu, picha ya tumbo ikionyesha nyayo za mtoto zimepindia ndani, si chakula ulichokula wala si jicho la mtu. Hukukosea. Tumia miezi iliyobaki kutafuta kliniki inayotibu kwa njia ya Ponseti, yaani kunyoosha mguu polepole kwa plasta. Matibabu huanza wiki za mwanzo: plasta hubadilishwa kila wiki, mara 5 hadi 7 hivi, na wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Kisha huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ubao, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala hadi miaka 4 hivi. Hapo ndipo wazazi hulegea, mguu ukarudi kupinda! Kwa joto letu la Mombasa, mvishe soksi za pamba. Akiwa na plasta, kunja leso kuukuu chini ya mguu, kisigino kisigandamize godoro.